Bodi ya saketi kwa pasi na tona: mwongozo kamili kwa fundi wa Mombasa

Iguse shaba ya bodi kwa kidole leo, kesho asubuhi alama ya kidole kile utaikuta pale pale, ya kahawia, kama muhuri. Huu ni mji wa bahari. Hewa yetu ina chumvi na unyevu hata miezi ya kaskazi, na masika yakiingia ndiyo kabisa. Maelezo mengi ya kutengeneza bodi kwa pasi yametoka kwa watu wanaoishi penye hewa kavu. Niliyafuata kwa uaminifu, nikaharibu bodi moja baada ya nyingine, nikidhani pasi ndiyo mbovu. Pasi ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa la saa: nasafisha shaba asubuhi, naenda mjini kuchapisha mchoro, narudi alasiri kupiga pasi. Shaba niliyoiacha inang'aa ilikuwa imekwisha kuota utando mwembamba usioonekana kwa macho, na juu ya utando ule tona haishiki.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi hapa chini una shabaha moja: shaba tupu ikae hewani dakika chache tu tangu mwanzo hadi mwisho. Kila utakapoona nimebadilisha utaratibu uliouzoea, sababu ni hiyo.

Njia yenyewe ni ipi

Tona ya printa ya leza si wino. Ni unga wa plastiki uliochanganywa na rangi, na ndani ya printa unayeyushwa kwa joto ili ushike karatasi. Ukiuyeyusha mara ya pili kwa pasi huku umeulalia uso wa shaba, unahama karatasini na kushika shaba. Ukiitia bodi ile kwenye dawa inayokula shaba, sehemu zilizofunikwa na tona zinasalimika na zilizo wazi zinaliwa. Zinazobaki ndizo njia za umeme. Printa ya wino wa maji haifai kabisa, hata iwe ya bei kubwa namna gani.

Tutakachotengeneza

Mfano nitakaoutumia ni kengele ya tangi. Nyumba nyingi za kisiwani na za bara maji ya mfereji huja kwa zamu, mara nyingi usiku, na mtu hulazimika kukesha akisubiri tangi lijae. Saketi hii hukaa kimya, na maji yakifika juu inalia.

Vipuri ni transista moja ya BC547 (miguu yake mitatu huitwa kolekta, beisi na emita), rezista ya kiloomu 10 kutoka kwenye kijiti cha maji hadi beisi, rezista ya kiloomu 100 kutoka beisi hadi upande wa hasi, king'ora kidogo cha volti 9, na LED, yaani kitaa kidogo, yenye rezista yake ya kiloomu 1 iliyofungwa sambamba na king'ora. Emita inakwenda hasi, kolekta inakwenda kwenye king'ora, na upande wa pili wa king'ora unakwenda chanya. Kijiti kimoja cha tangi kinatoka chanya ya betri, cha pili kinaingia kwenye ile rezista ya 10. Maji ya mfereji hupitisha umeme kidogo, nao unatosha kuamsha transista.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu unatumia betri ya volti 9. Bodi yako ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, isiguse umeme wa ukutani wa volti 240. Siku utakapofika huko, njia za umeme wa ukutani zitataka nafasi ya milimita 6 au zaidi kati yake na njia za volti ndogo. Mkono unaoacha nyuzi za karatasi kati ya njia na njia bado haujawa tayari kwa kazi hiyo.

Vitu vya kutafuta

Bodi tupu yenye shaba upande mmoja. Ile ya kijani au ya manjano hafifu ni ya nyuzi za kioo, huitwa FR-4, unene wake wa kawaida ni milimita 1.6. Ile ya kahawia ni ya karatasi iliyogandishwa kwa gundi ngumu. Ya kahawia ni nyepesi kutoboa, lakini ukiizidishia pasi inavimba malengelenge. Ukiweza, chukua FR-4.

Dawa ya kula shaba ni feri kloraidi. Huuzwa ikiwa mabonge ya rangi ya manjano na hudhurungi, au imekwisha kuyeyushwa. Ukiikosa kwenye maduka ya vipuri mjini, huagizwa Nairobi katika maduka ya Luthuli Avenue na kuletwa kwa basi la usiku hadi ofisi za mabasi hapa Mombasa. Mwambie anayekutumia aifunge vizuri. Mabonge yale hunyonya unyevu wa hewa yakajigeuza uji, na uji ule ukivuja unakula mzigo wa mwenzio.

Kuna wanaotumia asidi ya kusafishia choo pamoja na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Inafanya kazi haraka, nakubali. Inatoa pia mvuke unaoumiza mapafu na kutia kutu kila chuma kilicho karibu, na chupa yake ikifungwa inaweza kupasuka. Nyumba zetu zimebanana na watoto wanapita. Mimi siitumii na sikushauri uitumie.

Vilivyobaki ni vya nyumbani: pasi nzito isiyo na mvuke (au yenye mvuke, lakini bila maji ndani), uzi wa chuma laini wa kusugulia sufuria, sabuni ya maji, asetoni au dawa ya kutoa rangi ya kucha, spiriti, beseni mbili za plastiki, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, barakoa, na keekee ndogo yenye kucha za milimita 0.8 na 1. Pasi ya makaa iache. Joto lake halishikiki, na jivu likidondoka karatasi inachafuka.

Kuchora

Programu ya KiCad ni ya bure na inatosha kwa kazi yote hii. Kwa bodi ndogo kama hii fanya sentimita 5 kwa 7, usibane. Njia zipe upana wa milimita 1 na nafasi ya milimita 0.8 kati ya njia na njia. Mkono ukizoea utashuka hadi 0.5, na wenye subira hufika 0.4. Shaba ya bodi za kawaida ina unene wa maikromita 35 tu, lakini njia ya milimita 1 hubeba ampea 1 bila taabu, na kengele yetu haifiki hata sehemu ya kumi ya hapo.

Visahani, yaani vile viduara ambamo miguu ya vipuri hulehemiwa, viwe na kipenyo cha milimita 2 au zaidi. Katikati ya kila kisahani acha kitundu cha milimita 0.4, si cha ukubwa kamili wa mguu. Dawa itakula shaba pale katikati ikaacha kidimbwi, na kucha ya keekee itatua humo bila kuteleza. Nafasi tupu zijaze shaba iliyoungwa na hasi, kwani kila shaba unayoiacha ni dawa uliyoiokoa.

Sasa jambo linaloharibu bodi nyingi kuliko lolote katika hatua hii: upande. Andika neno lolote fupi kwenye tabaka la shaba la chini, jina lako au tarehe, ili lisomeke vizuri bodi ikiwa imekamilika. Ukichapisha, herufi kwenye karatasi lazima zisomeke kinyumenyume, kama unazitazama kwenye kioo. Karatasi itakapolazwa kifudifudi juu ya shaba zitanyooka zenyewe. Tabaka la chini kwa kawaida halihitaji kugeuzwa wakati wa kuchapisha, maana programu inakuonyesha bodi kutoka juu. Ni tabaka la juu ndilo hugeuzwa. Lakini usiumize kichwa na kanuni. Tazama herufi tu. Zikisomeka sawasawa kwenye karatasi, bodi itatoka imegeuka, na BC547 yako itaingia kolekta mahali pa emita.

Kuchapisha

Karatasi nzuri ni ile nyembamba inayoteleza ya majarida au vipeperushi vya supamaketi. Iliyochapwa picha tayari haidhuru, kwa sababu wino ule hauhami kama tona. Kuna pia karatasi maalumu ya njano ambayo tona huivua kwa urahisi. Ukiipata, ni nzuri sana. Karatasi ya picha yenye utando wa plastiki ni hatari kwa printa, kwani inaweza kuyeyuka na kujiviringisha kwenye rola la joto. Kama unachapisha kwenye saiba ya mtu, mwonyeshe karatasi kwanza na umwombe ruhusa. Mashine ile ndiyo riziki yake.

Kwanza chapisha kwenye karatasi ya kawaida, kipimo asilimia 100, bila kuruhusu programu itanue au ipunguze. Toboa visahani kwa pini na upachike vipuri vyenyewe. Kama una soketi ya chipu ndiyo kipimo bora, maana nafasi kati ya mguu na mguu ni milimita 2.54 kamili. Ikikaa, chapisha kwenye karatasi ya jarida kwa weusi wa juu kabisa, ukiwa umezima kubana tona, nukta 600 kwa inchi au zaidi. Toa nakala tatu nne.

Karatasi hizo usizishike upande wenye tona, na usizibebe mkononi juani kutoka mjini. Zitie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko. Karatasi iliyolowa unyevu hutoa mvuke chini ya pasi, na mvuke huinua tona ikaacha vitobo vidogo.

Kusafisha na kupiga pasi

Hizi ni hatua mbili, lakini zifanye kama moja. Kabla ya kugusa shaba, pasi iwe imeshapata moto, karatasi imekatwa, ubao mgumu uko mezani.

Kata bodi kwa msumeno wa chuma, kisha piga tupa kingo zote nne. Usiruke hapa. Msumeno huacha ukingo ulioinuka kidogo sana, unausikia kwa ukucha tu, na ukingo ule unaishikilia pasi juu ili isiguse katikati. Bodi nyingi zinazotoka na njia nzuri pembeni na hafifu katikati zimeponzwa na tupa iliyorukwa.

Vaa glavu safi. Sugua shaba kwa uzi wa chuma na sabuni, kwa kuzungusha, chini ya maji yanayotiririka, mpaka rangi iwe moja kila mahali. Kipimo ni maji yenyewe: yakitandaa juu ya shaba kama shuka moja, ni safi, yakijikusanya matonematone, bado kuna mafuta. Kausha kwa karatasi ya tishu, pangusa kwa asetoni, kisha shika kingo tu. Funga kitambaa kwenye paji la uso. Tone moja la jasho linakurudisha mwanzo. Zima pangaboi pia, maana linapoza upande mmoja wa bodi wakati unapasha mwingine.

Toka kukausha hadi pasi, usizidishe dakika tano.

Laza karatasi, tona ikitazama shaba. Juu yake weka karatasi tupu ya kawaida. Pasi iwe kwenye alama ya pamba au kitani, karibu na mwisho. Itue juu ya bodi nzima bila kuisogeza, hesabu sekunde 30, ili tona ishike. Ukianza kusugua mapema karatasi inateleza na mchoro unapaka. Baada ya hapo sogeza pasi taratibu, ukikandamiza kwa ncha kwenye pembe na kando, kwa dakika tatu hadi nne. Nguvu iwe ya kupiga pasi kanzu nzito, usilalie kwa kifua: tona iliyoyeyuka ikibanwa mno inatandaa na njia jirani zinagusana. Dalili ya kuwa tayari ni pale mchoro unapoanza kuonekana kwa mbali nyuma ya karatasi.

Stima ikikatika katikati, usiinue karatasi kuchungulia. Iache ilivyo. Umeme ukirudi, pasha tena tangu mwanzo.

Iache bodi ipoe yenyewe mpaka uweze kuishika, ndipo uitumbukize kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo. Dakika 15 au 20. Karatasi ikilainika, isugue kwa kidole gumba, tabaka kwa tabaka, kama unavyomenya ngozi ya ndani ya chungwa. Usiibandue kwa nguvu. Tona iliyoshika vizuri haitoki hata ukisugua kwa mswaki uliochakaa, na inafaa utumie mswaki kutoa nyuzi zilizobaki ndani ya vitundu na kati ya njia. Itazame bodi dhidi ya mwanga ikiwa imekauka: nyuzi huonekana kama ukungu mweupe. Juu ya tona haziumizi kitu. Zilizo kati ya njia mbili ziondoe, la sivyo dawa haitafika pale na utakuwa na daraja la shaba.

Penye kitobo, jazia kwa kalamu ya wino usiofutika. Pakiwa na njia tatu nne zilizotoka, usibembeleze. Futa yote kwa asetoni, chukua nakala ya pili, sugua shaba upya.

Kuila shaba

Fanya nje, au barazani penye upepo. Feri kloraidi inatia madoa ya kahawia yasiyotoka kwenye nguo, vigae na kuta, na inakula bomba za chuma. Sufuria ya alumini isiikaribie hata kidogo, kwani inachemka na kutoboka. Tumia plastiki au kioo.

Kama ni mabonge, tia gramu 100 kwenye maji ya mililita 300, kidogo kidogo. Maji kwanza, dawa baadaye, kwa sababu inapoyeyuka inatoa joto. Bodi ya sentimita 5 kwa 7 ina shaba ya gramu 1 na kidogo tu, kwa hiyo mchanganyiko huo utatengeneza bodi kadhaa kabla haujachoka.

Weka beseni ya dawa ndani ya beseni kubwa yenye maji ya moto, dawa ifike nyuzi joto 40 hadi 50. Bandika ukanda wa gundi nyuma ya bodi uwe mshikio, kisha iache ielee juu ya dawa, shaba ikitazama chini. Shaba iliyoliwa ni nzito, inazama, na dawa mpya inapanda mahali pake. Ukiizamisha shaba ikitazama juu, uchafu unatuama juu yake na kazi inachukua mara mbili. Tikisa beseni polepole, inua bodi kila dakika mbili utazame. Kwa kawaida dakika 10 hadi 20. Kando huisha kwanza, katikati mwisho. Shaba ya mwisho ikitoweka, itoe papo hapo uioshe kwa maji mengi, maana dawa ikikosa shaba iliyo wazi inaanza kuingia chini ya tona kutokea ubavuni na kukonda njia zako.

Dawa iliyobaki irudishe kwenye chupa ya plastiki, iandike jina, iweke mbali na watoto. Inatumika tena mpaka iwe ya kijani kibichi na ya uvivu.

Halafu isimwagwe kwenye mfereji. Tafadhali. Tunaishi kisiwani, na maji yetu huishia baharini. Rangi zinazopakwa chini ya vyombo vya bahari hutiwa shaba makusudi ili viumbe wa majini wasiote pale. Jiulize basi inafanya nini kwa samaki wachanga wa kwenye mikoko ya Tudor. Dawa iliyokufa itie kwenye ndoo kubwa ya plastiki na uongeze magadi kidogo kidogo, itatoa povu. Endelea mpaka povu likome. Masimbi yatatuama chini kwa siku moja au mbili. Maji ya juu yakiwa maangavu kabisa, yachuje kwa kitambaa, kisha masimbi yachanganye na saruji, yagande kuwa tofali dogo, ndipo yaende na takataka.

Kutoboa tona ikiwa bado juu

Wengi husafisha tona kwanza. Hapa kwetu iache. Ndiyo kinga ya shaba yako mpaka dakika ya kulehemu, na bodi iliyo na tona unaweza kuiweka wiki nzima bila wasiwasi.

Toboa milimita 0.8 kwa rezista, transista na LED, milimita 1 kwa waya za betri na za tangi. Weka ubao laini chini, keekee iwe wima, usiikandamize. Vaa barakoa, kwani vumbi la FR-4 ni vumbi la kioo, na lifute kwa kitambaa chenye maji badala ya kulipuliza.

Kulehemu, kupima, kufunga

Vipuri vyote viwe mezani na chuma cha kulehemu kimepata moto, karibu nyuzi 350. Sasa ndipo ufute tona kwa asetoni. Paka papo hapo maji ya ulimbo, yaani ulimbo wa kulehemia uliosagwa ukayeyushwa kwa spiriti, kisha ipitishie kila njia utando mwembamba wa risasi. Kuanzia hapo hewa ya pwani haina shaba ya kula.

Anza na rezista, halafu transista. Ukiielekeza BC547 uso wake bapa kwako, miguu ikiwa chini, kolekta iko kushoto, beisi katikati, emita kulia. Sekunde tatu kwa kila mguu zinatosha.

Weka mita kwenye mlio na upime kila njia na jirani yake kabla ya betri. Ikilia pasipostahili, pitisha kisu chenye ncha kati ya njia hizo mbili. Ikinyamaza pote, funga betri na utumbukize nyaya mbili za vijiti kwenye glasi ya maji. Kengele ikilia, osha ulimbo kwa spiriti, acha ikauke, na upake vanishi angavu mara mbili upande wa shaba. Rangi angavu ya kucha inafaa pia.

Vijiti vya tangini viwe vya chuma kisichoshika kutu; mishikio ya vijiko viwili vya zamani hutosha. Vitenganishe sentimita 2, vining'inize kidogo chini ya bomba la kufurika, na bodi uitie kwenye kopo lililofungwa, ndani ya nyumba, karibu na mahali unapolala.